Faili tatu za mama mmoja: kisa cha kumbukumbu za kielektroniki katika hospitali ya wilaya

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha hospitali ya wilaya moja Tanzania Bara, ambako nilihudumu katika kitengo cha kumbukumbu na takwimu. Jina la hospitali, jina la mfumo uliotumika, mwaka, na kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa au mtumishi nimeviondoa. Mgonjwa nitamwita Khadija. Si jina lake. Nimelichagua kwa sababu jina lake halisi lina tabia hiyohiyo ya kuandikwa kwa namna mbili tatu, zote sahihi. Tabia hiyo imebeba nusu ya kisa.

Nakiandika kwa wanaoanza kujifunza informatiki ya afya, yaani elimu ya namna taarifa za afya zinavyokusanywa, zinavyotunzwa na zinavyomfikia anayezihitaji kabla hajachelewa. Nakiandika pia kwa makarani wa mapokezi. Wao ndio wanaofungua kumbukumbu ya kila mgonjwa, na ni nadra mtu kuwaandikia chochote.

Usuli

Kwa miaka mingi hospitali ilitumia majalada ya kaki. Mgonjwa alipewa namba na kadi ndogo, jalada lake likakaa masijala, na aliporudi karani alilitafuta rafuni kwa namba hiyo. Sambamba na majalada kulikuwa na madaftari ya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya uliopo nchini tangu miaka ya 1990, ambayo muhtasari wake wa kila mwezi siku hizi huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya.

Anayeanza fani hii huchanganya vitu hivi viwili, na ni vizuri avitenganishe mapema. Daftari la MTUHA linajibu swali la wangapi: wangapi wameugua malaria mwezi huu, wangapi wamejifungua. Jalada linajibu swali la nani: huyu aliyeketi mbele yangu ni nani, amewahi kuugua nini, alipewa dawa gani, ilimfaa au ilimdhuru. Kumbukumbu ya kielektroniki inarithi kazi ya jalada. Inaweza kulisha MTUHA pia, lakini ikishindwa swali la nani, hata hesabu ya wangapi inaharibika, maana mtu mmoja huhesabiwa watatu.

Mfumo ulipofika kwetu, msukumo mkubwa ulikuwa makusanyo. Fedha zilikuwa zinavuja madirishani, na madai ya bima yalikuwa yanarudishwa kwa kukosa vielelezo. Ni sababu ya haki kabisa. Hospitali isiyo na fedha haina dawa. Ila mfumo uliojengwa kwa kumwangalia mlipaji humwona mgonjwa kwa jicho la mlipaji. Ukurasa wa mapokezi ulianza kwa kumwuliza karani: taslimu, bima au msamaha? Jina lilifuata baadaye. Kila aina ya malipo ilikuwa na mfululizo wake wa namba, na ukitafuta jina ukiwa upande wa bima, waliosajiliwa upande wa taslimu hawaonekani.

Makarani walipata mafunzo ya siku mbili. Majalada ya zamani hayakuhamishwa yote kwa mkupuo. Tulikubaliana kwamba mgonjwa akija, karani anachapa yaliyo kwenye gamba la jalada, yaani jina, umri, kijiji, simu na onyo lolote lililoandikwa juu yake, kisha jalada linarudi rafuni. Kwa nguvukazi tuliyokuwa nayo, uamuzi huo ningeufanya tena leo.

Faili tatu

Gamba la jalada la Khadija lilikuwa na maneno makubwa ya kalamu nyekundu, yamepigiwa mistari miwili chini: FANSIDA HAPANA. Muuguzi fulani aliyaandika enzi ambazo Fansidar, vidonge vitatu vya kumeza kwa mara moja, ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini, kuanzia 2001 hadi dawa mseto ilipochukua nafasi yake mwishoni mwa 2006. Khadija alivimeza. Siku chache baadaye midomo ilichubuka, macho yakawa mekundu na hayafunguki, ngozi ya kifua na mgongo ikaanza kubanduka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Ndani ya jalada ugonjwa huo umeandikwa kwa jina lake, Stevens-Johnson, moja ya madhara mabaya kabisa ya dawa za jamii ya salfa. Huua. Yeye alilazwa, akapona.

Faili yake ya kwanza ya kielektroniki ilitokana na gamba hilo: Khadija Ramadhani, taslimu. Kisanduku cha mzio kilikuwa na orodha ya kuchagua: Penisilini, Salfa, Aspirini, Chakula, Nyingine, Hakuna. Fansida haikuwemo. Karani hakuwa na njia ya kujua kwamba Fansidar ni salfa. Hilo ni somo la famasia. Akachagua Nyingine, kisha kwenye nafasi ya maelezo akaandika neno moja: fansida. Alifanya kazi yake kwa uaminifu wote.

Faili ya pili ilizaliwa mwanawe, ambaye ni mtumishi wa umma, alipomwandikisha kwenye bima kama mzazi. Kadi ilitoka na jina Hadija Ramadhan. Karani alibonyeza bima, akatafuta jina kama lilivyo kwenye kadi, mfumo ukajibu kwamba hayupo. Akafungua mpya. Mzio: Hakuna.

Ya tatu ilikuwa ya usiku. Presha ilimpanda, majirani wakamleta kwa bodaboda akiwa hajiwezi kuongea, kadi imebaki nyumbani. Aliyemshika mkono alimfahamu kwa jina la mtaani. Ikaandikwa Mama Abdallah, umri 50, na mfumo ukaugeuza umri huo kuwa tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari. Mzio: Hakuna.

Kompyuta ikawa na watu watatu. Kwenye benchi la wagonjwa wa nje alikuwa akikaa mama mmoja.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumatatu. Mtandao wa ndani ulikata tangu alfajiri ukarudi saa tatu asubuhi, kwa hiyo foleni ilikuwa imefika getini. Khadija alikuja kwa maumivu wakati wa kukojoa. Mkononi alikuwa na karatasi ya ule usiku wa presha, yenye namba ya faili ya tatu. Karani aliichapa, faili ikafunguka papo hapo. Hapo pia hakuna aliyekosea: karani alifundishwa atumie namba, na namba ilikuwepo.

"Una mzio wowote, mama?" karani aliuliza.

"Sina."

Tabibu alimsikiliza, akaagiza kipimo cha mkojo, kikaonyesha maambukizi. Dawa aliyoizoea kwa tatizo hilo stoo ilikuwa imeisha. Akaandika septrini, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tano. Mfumo wetu una kipengele cha kumwonya mwandika dawa pale dawa inapogongana na mzio uliorekodiwa. Hakikusema kitu. Tabibu alituambia baadaye, na namshukuru kwa kusema kweli, kwamba ukimya ule aliuchukua kuwa jibu.

Kwenye dirisha la dawa alikuwepo mteknolojia wa dawa, binti mwenye mwaka wake wa pili kazini. Ana desturi moja ambayo haimo kwenye mwongozo wowote wa hospitali yetu: kabla ya kusukuma pakiti, anauliza. Anauliza kwa maneno yake.

"Mama, kuna dawa yoyote iliyowahi kukukataa?"

"Ipo mwanangu. Fansida. Ilinikataa vibaya, ilinitoa ngozi nikalazwa."

Binti alirudisha pakiti ndani. Fansidar ni sulfadoksini na pirimethamini. Septrini ni sulfamethoksazoli na trimethoprimu. Salfa ni ileile. Alimwomba mama akae, akaenda mwenyewe chumba cha tabibu, dawa ikabadilishwa. Jioni akaandika tukio lote kwenye daftari la matukio, ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima. Ukurasa huo ndio uliofanya tujue. Dawa haikumezwa, mama alirudi nyumbani salama, na hospitali nyingi zingeishia hapo kwa kusema Mungu amesaidia.

Nilipomtembelea Khadija wodini na muuguzi wa mapokezi wiki mbili baadaye (alikuja tena kwa presha), nilimwuliza kwa adabu kwa nini siku ile alisema hana mzio. Alinishangaa. "Mzio si kitu ulichokatazwa kula? Sisi kwetu wapo wasiokula mbuni, wapo wasiokula kambale, wameambiwa na wazee wao. Mimi sina mzio, nakula kila kitu."

Yuko sahihi. Hiyo ndiyo maana kongwe ya neno lenyewe. Wizara, vyuo na mifumo tumelichukua neno la mwiko wa chakula tukalipa kazi mpya ya kitabibu, kisha tukamwuliza mama wa miaka hamsini na kitu kama vile barua ya mabadiliko ilimfikia. Wagonjwa wetu wana usemi wao kwa jambo hili na kila mtu anaujua: dawa inanikataa.

Maamuzi, na kwa nini

Kamati ya dawa na tiba ilikaa siku ya nne. Mjumbe mmoja alitaka karani wa zamu ya usiku aandikiwe barua kwa kujaza Hakuna bila kuuliza. Mganga Mfawidhi hakubishana naye. Alifungua kompyuta ya mafunzo, akamwomba asajili mgonjwa aliyeletwa hajitambui, kwa kweli tupu, bila kubuni chochote. Mjumbe akajaza jina, akaacha mzio wazi, akabonyeza Hifadhi. Kisanduku kikawaka chekundu. Akajaribu tena. Mara ya tatu akachagua Hakuna, faili ikahifadhika. Habari ya barua ikaishia hapo.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa, na sababu ilikuwa ya kikazi kuliko ya huruma. Binti wa dirisha la dawa aliandika tukio kwa hiari. Kama kuandika kungemletea mwenzake barua, hilo lingekuwa la mwisho kuandikwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutafuta faili pacha zote, yaani faili zaidi ya moja za mtu mmoja, si za Khadija peke yake. Tuliweka masharti kabla ya kugusa chochote. Kuunganisha kunafanywa na watu wawili, mmoja wa kumbukumbu na mmoja wa tiba. Namba ya zamani haifutwi. Inabaki ikielekeza kwenye faili moja, ili karatasi iliyo mkobani kwa mgonjwa iendelee kufanya kazi. Na pakiwa na shaka, faili zinaachwa zilivyo hadi mgonjwa mwenyewe aje. Msingi wa sharti hilo la mwisho ni huu: faili pacha inaficha taarifa, lakini faili mbili za watu tofauti zilizounganishwa kimakosa zinasema uongo. Mtu anapewa kisukari cha mwingine, kundi la damu la mwingine. Na ukishachanganya historia mbili, kuzitenganisha ni kazi ya kuokota mchele uliomwagika mchangani.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Waliokuja nayo walikuwa wachache, na tulikataa kuifanya sharti la kutibiwa. Simu haikutosha, kwa sababu familia nzima hutumia namba ya mtoto mmoja. Tukabaki na majina.

Majina yetu na kompyuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa vitabu vya fani hii vimeandikwa mbali na majina yetu.

Mbinu ya kale ya kulinganisha majina kwa matamshi inaitwa Soundex. Ilipewa hataza Marekani mwaka 1918. Inatunza herufi ya kwanza, inaacha irabu, na konsonanti zinazofuata inazipa tarakimu kwa makundi. Mwenzetu wa TEHAMA aliijaribu kwenye nakala ya kanzidata. Khadija ikatoka K320 na Hadija ikatoka H320: kwa Soundex hao ni watu tofauti, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi. Salome na Sarome zikatengana pia, maana l na r ziko makundi tofauti, ilhali kwa wenyeji wengi wa wilaya ile hizo ni sauti moja.

Halafu ikaja orodha ya majina ambayo mbinu hiyo iliyaona kuwa mtu yuleyule. Juu kabisa walikuwa Hassan na Hussein. Wote wawili H250. Baba mmoja, kijiji kimoja, simu moja, tarehe ya kuzaliwa moja. Mtu yeyote aliyekulia hapa anajua mara moja anaangalia nini: mapacha. Ni desturi yetu kuwaita hivyo. Kompyuta ilikuwa tayari kuwaunganisha wawili hao wawe mtoto mmoja, kwa uhakika mkubwa kuliko ilivyokuwa nao kwa Khadija.

Tuliiacha tukatunga kanuni zetu, mezani, na makarani wakiwa ndio walimu. Wao walizijua zote kwa kuzisikia kila siku dirishani. Kh na h zihesabiwe moja, gh na g moja, dh na z na d zikaribiane, r na l moja. Irabu mbili zinazofuatana zihesabiwe moja, ili Mwanaasha na Mwanasha wakutane. Irabu ya mwisho baada ya konsonanti isizingatiwe, ili Saidi na Said, Ramadhani na Ramadhan, Athumani na Athuman wakutane. Irabu za katikati zibaki, kwa ajili ya akina Hassan na Hussein. Na majina ya Mama Fulani au Baba Fulani yasilinganishwe kabisa. Yatolewe kwenye orodha yake yenyewe ya watu wa kutafutiwa majina kamili.

Kanuni hizo zilileta faili mbili za kwanza za Khadija pamoja. Ile ya Mama Abdallah isingepatikana kwa kanuni yoyote. Tuliipata kwa sababu tulikuwa naye mwenyewe, na akatuambia.

Onyo halikutokea

Baada ya kuunganisha faili zake tatu, mteknolojia wa dawa alipendekeza tufanye jaribio: tuandike septrini kwenye nakala ya faili iliyounganishwa, tuone. Wengine tulishaanza kufunga madaftari. Tulikuwa na uhakika.

Tukaandika. Kimya. Dawa ikapita kama mara ya kwanza.

Nadhani hapo ndipo tulipoanza kuelewa kisa chetu. Siku zote hizo tulikuwa tunaeleza kwamba mama aliponea chupuchupu kwa sababu alikuwa na faili tatu. Kumbe hata angekuwa na moja, ile nzuri, iliyochapwa kutoka kwenye kalamu nyekundu, tabibu asingeonywa. Neno "fansida" lilikuwa kwenye nafasi ya maelezo, na nafasi ya maelezo ni maandishi huru: binadamu akiyasoma anaelewa, kompyuta inayatunza tu. Onyo hutafuta msimbo, yaani alama maalumu ambayo kompyuta inaitambua, na msimbo uliokuwepo ulisema Nyingine. Nyingine haigongani na dawa yoyote.

Ndiyo tofauti kubwa ambayo mwanafunzi wa fani hii hana budi kuikamata: taarifa iliyohifadhiwa na taarifa ambayo mashine inaweza kuifanyia kazi ni vitu viwili. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, historia ya mzio wa salfa ina msimbo wake, Z88.2. Laiti ungekuwepo, lingebaki suala la kuufungamanisha na dawa husika, na hapo tulikutana na mtego mwingine. Tulitaka kutumia mpangilio wa dawa wa Shirika la Afya Duniani, ATC. Septrini imo kwa msimbo J01EE01, kati ya dawa za bakteria. Fansidar imo kwa P01BD51, kati ya dawa za vimelea. Mpangilio huo unafuata kazi ya dawa, hivyo ndugu hawa wawili wamekaa vyumba vya mbali, hata herufi ya kwanza hawachangii. Ilibidi tufuate kiambato: kila dawa ifungamanishwe na viungo vilivyomo ndani yake, na mzio urekodiwe kwa kiungo au jamii ya viungo.

Wazo hilo si geni Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kujengwa mwaka 2004 na ambao Eldoret nchini Kenya ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kuutumia, umesimama juu ya kamusi ya dhana: kila ugonjwa, dawa na kipimo ni dhana moja yenye majina mengi, ya kitabibu na ya mitaani, ya lugha hii na ile. Kamusi ya namna hiyo ndiyo ingemwezesha karani achape fansida na mfumo wenyewe uelewe salfa.

Na jambo hili wauguzi wetu wa kliniki ya mama na mtoto walilijua bila kompyuta. Mama mjamzito anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP (sulfadoksini na pirimethamini, zilezile za Fansidar) ya kujikinga na malaria, kwa kuwa ni salfa juu ya salfa. Ujuzi ulikuwepo jengo la pili, hatua chache kutoka mapokezi. Haukuwa umeingizwa mahali unapohitajika.

Kilichobadilika

Neno Haijaulizwa liliongezwa kwenye orodha ya mzio na likawa ndilo linalotangulia. Badiliko hilo lilichukua dakika chache kwenye mipangilio, na kwa maoni yangu ndilo lililookoa zaidi. Hakuna ni taarifa: mtu ameuliza, amejibiwa. Haijaulizwa nayo ni taarifa, inamwambia tabibu aulize. Mfumo unaolazimisha jibu bila kutoa nafasi ya kusema "bado sijui" unawafundisha watu wema kuandika yasiyo kweli.

Swali lilihamishwa kutoka dirisha la mapokezi kwenda kwa muuguzi anayepima presha na joto, kwenye kiti, bila watu nyuma. Faragha ilikuwa sababu mojawapo. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo imeweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na dirisha lenye foleni mgongoni si mahali pa kumwuliza mtu dawa anazotumia. Swali lenyewe likawa la binti wa dawa, neno kwa neno: kuna dawa yoyote iliyowahi kukukataa? Na la nyongeza: ilikufanyaje? Kwa sababu wapo wanaosema dawa iliwakataa wakimaanisha iliwatia kichefuchefu, na hao hawastahili kunyimwa penisilini maisha yao yote.

Tulipofungamanisha jamii ya salfa tulivuka mpaka. Onyo likaanza kutokea hata kwa furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, ambayo kikemia ina undugu na salfa lakini ushahidi kwamba inawadhuru wenye mzio wa septrini ni dhaifu. Matabibu wakaanza kuona onyo mara kwa mara lisilo na maana, na baada ya siku kadhaa wakawa wanalifunga bila kulisoma. Mfamasia alitushtua. Tukalipunguza libaki kwa dawa za bakteria na vimelea zenye salfa. Onyo ni kama king'ora cha gari. Likilia kila saa hakuna anayechungulia dirishani.

Utafutaji wa majina kwa kanuni zetu haujaingia kwenye mfumo. Wenye mfumo walipokea maombi yetu kwa heshima, wakatueleza foleni ya maombi ya hospitali nyingine. Kwa sasa kanuni zinaendeshwa nje, kwenye nakala, mara moja kwa wiki, na karani mkuu anapewa orodha ya faili zinazofanana. Kilichoingia ni kimoja: utafutaji sasa unapita taslimu, bima na msamaha kwa pamoja. Kingepaswa kuwa hivyo tangu mwanzo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi siku ile ni sauti ya mtu mmoja, na hilo linanipa shukrani na hofu kwa kiasi sawa. Kama zamu ingekuwa ya mwingine, Khadija angeondoka na vidonge ishirini. Usalama uliokaa kwenye desturi ya mtu mmoja huondoka naye akihamishwa, na mwaka uliofuata binti huyo kweli alihamishwa. Kulifanya swali lake liwe la hospitali nzima ndiyo kazi tunayopaswa kujivunia zaidi kuliko kanuni zote za majina.

Kalamu nyekundu ilifanya kazi vizuri zaidi ya kompyuta, na inafaa tuseme kwa nini. Ilikuwa juu ya gamba, haikwepeki, na iliandikwa kwa neno ambalo mgonjwa mwenyewe analitumia. Kielektroniki tuliihamisha ile taarifa tukaipoteza ile nafasi yake. Anayehamisha majalada ajiulize si tu nini kimeandikwa, pia kimeandikwa wapi na kwa ukubwa gani, kwa kuwa aliyeandika alikusudia vyote.

Jaribio la baada ya kuunganisha lilikuwa hatua ndogo yenye thamani kubwa. Bila hilo tungeandika taarifa nzuri kuhusu faili pacha, ikapigwa muhuri, na mwanya wenyewe ukabaki wazi. Kosa letu lilikuwa kuridhika na sababu ya kwanza iliyoonekana, na ilionekana haraka kwa vile ilikuwa rahisi kuhesabika. Sababu ya lugha ilikuja mwisho kabisa, baada ya wiki mbili, na aliyeileta ni mgonjwa. Angekuwepo kwenye kikao cha siku ya nne tungeokoa siku kumi. Hatukufikiria kumwita.

Jambo ambalo bado halijakaa sawa ni wagonjwa wa usiku wanaofika hawajitambui. Faili ya Mama Fulani itaendelea kufunguliwa, na ni haki ifunguliwe, matibabu hayasubiri jina. Tulichoweza kupanga ni hiki: kila asubuhi saa mbili, kabla ya raundi ya madaktari, karani wa mapokezi anapita wodini na orodha ya waliosajiliwa usiku kwa majina ya mtaani. Anakaa kitandani kwa kila mmoja aliyeamka, au kwa ndugu yake, anaandika majina matatu, anaomba kadi, anauliza kuhusu dawa zilizowahi kukataa. Jumapili hakuna karani, na orodha husubiri hadi Jumatatu.